Kazi njo baba, lakini mama alikuwa nani?



Leo ni zamu yangu ya kuandika, na nimechagua mtaa nilimozaliwa: kambi ya wafanyakazi wa Union Minière hapa Lubumbashi, ile ambayo siku hizi tunaiita cité Gécamines. Wengi wenu mnaijua kwa nje tu. Mnaona lile bomba refu la moshi na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, mnapiga picha, mnaenda. Mimi nimekulia chini yake.

Nilipokuwa naandaa TFC yangu ya historia, mtu wa kwanza kumuuliza maswali alikuwa kambo yangu mwanaume. Aliingia tanuruni mwaka 1959, kijana wa miaka 19, mahali palepale baba yake alipokuwa ametumika. Niliweka simu mezani inase sauti, nikamuuliza maisha ya kambi yalikuwa namna gani. Hakufikiri hata kidogo. Alijibu: "Mutoto, kazi njo baba, kazi njo mama. Kila kitu ilikuwa inatokaka kule."

Maneno hayo kila mtu wa Katanga anayajua. Niliyaandika haraka kwenye daftari, juu nilijua profesa atayapenda. Lakini kambo mwanamuke alikuwa uani anatwanga sombe. Tulisikia mchi umesimama. Akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Muzee, na ile miaka kazi ilikufa, ulikuwa unakula nini?"

Kambo mwanaume alicheka, halafu akanyamaza. Kile kimya kiko bado kwenye simu yangu, sekunde kumi nzima. Kisha mchi ukaanza tena.

TFC niliimaliza, niliitetea, nilipata alama zangu. Lile swali halikuingia kwenye ukurasa hata mmoja. Leo nalirudisha mbele yenu.

Tuanze na baba. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, na mwaka 1911 tanuru ikatoa shaba yake ya kwanza. Watu wa kuifanya kazi hiyo walitoka wapi? Mwanzoni walitoka vijiji vya Katanga, na wengi sana Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, kwa kontra za miezi michache. Walikuja bila wake zao, wakalala kwa kusongamana, wakafa wengi kwa nimonia, kuhara na homa ya matumbo. Aliyepona alirudi kwao, na wengine walitoroka usiku kabla ya kontra kuisha.

Katika miaka ya 1920 kampuni ilifanya hesabu upya. Kutafuta watu wapya kila mara kulikuwa gharama, na Rhodesia nayo ilianza kuwahitaji watu wake kwa migodi yake yenyewe. Basi waandikishaji walikwenda Lomami, Kasaï, Maniema, hata Ruanda-Urundi. Kuanzia mwaka 1928 ikaja siasa mpya: kontra ya miaka mitatu, mfanyakazi aje na mke wake, na watoto wazaliwe kambini. Nyumba ya matofali ilitoka kwa kampuni. Poso ya kila wiki ilitoka kwa kampuni, unga, maharagwe, nyama, mafuta, na ilihesabiwa kwa vichwa: mume, mke, watoto. Dispanseri, nyumba ya uzazi, shule ya mapadri Wabenedikto, vyote vilikuwemo. Mtoto alipimwa kilo, alichanjwa, alifundishwa kusoma, na siku moja aliingia tanuruni mahali pa baba yake. Kampuni ilikuwa inatoa shaba, na ilikuwa inakuza pia watu wa kuitoa hiyo shaba.

Tuseme ukweli wote. Vifo vilipungua sana. Kambo anapokumbuka ile dispanseri kwa heshima, hasemi uongo. Lakini huyo baba alikuwa mkali. Sireni ndiyo iliwaamsha watu. Mkuu wa kambi alijua nani analala kwa nani, na mgeni wa kutoka kijijini alihitaji ruhusa. Ukifukuzwa kazi ulipoteza mshahara, nyumba na chakula cha watoto, vyote siku moja. Mkono uliokulisha ndio uliokushika shingoni.

Na mwaka 1941 ule mkono ulishika bunduki. Vita vya Ulaya vilitaka shaba nyingi, kazi ikaongezwa, bei za vitu zikapanda, mishahara ikabaki nyuma. Wafanyakazi wazungu waligoma wa kwanza, wakasikilizwa. Mwezi wa Desemba weusi nao wakagoma. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapa Lubumbashi, na karani mmoja, Léonard Mpoyi, akawa msemaji wao. Askari walipiga risasi. Mpoyi alikufa pale, pamoja na makumi ya wengine. Mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu, alipochora historia ya nchi katika miaka ya 1970, hakuwaacha wale waliouawa wa Union Minière. Picha za namna hiyo watu walizitundika ukutani sebuleni, na walikuwa na jina lao: ukumbusho.

Kwa hiyo mtu akikuambia "kazi njo baba", uliza anamkumbuka baba gani, yule wa poso ao yule wa uwanjani. Kwa wazee wengi ni mtu mmoja.

Sasa tuje kwa mama.

Nimejaribu kuorodhesha vitu ambavyo kwangu ndivyo kambi yenyewe, vitu ambavyo nikiwa mbali navikumbuka. Nilishangaa kuona kwamba vingi kampuni haikuviagiza.

Wa kwanza ni msemo wetu, Kiswahili chetu. Kampuni ilihitaji lugha ya kazi tu. Miaka ya mwanzo wasimamizi walitumia Chikabanga, ule mchanganyiko uliotoka migodi ya kusini. Baadaye wakashika Kiswahili, ambacho Katanga ilikijua tangu misafara ya wafanyabiashara waliofika Bunkeya kwa M'siri. Lakini Kiswahili cha msimamizi kilikuwa cha kuamuru: leta, beba, simama, upesi. Huwezi kubembeleza mtoto kwa maneno hayo, wala kumtongoza mtu, wala kugombana vizuri na jirani. Lugha nzima ilitengenezwa kwenye bomba la maji, na wanawake waliosimama foleni na ndoo zao. Huyu Musonge, huyu Muluba, huyu Mubemba, huyu ametoka Rwanda, kila mmoja aliweka neno lake. Bukari ikaingia, kambo akaingia, njo ikaingia. Watoto waliozaliwa pale hawakujifunza Kiswahili. Walikikuta nyumbani.

Wazee waliiita Union Minière kwa jina la Changa-Changa, mwenye kuchanganya watu. Ni kweli, kampuni iliwachanganya kwenye mistari ya nyumba. Lakini kuwaweka watu ukuta kwa ukuta si kuwafanya ndugu. Hiyo ni kazi ingine, na haikulipwa.

Shuleni tuliambiwa kwamba Kiswahili cha Lubumbashi si Kiswahili. Nami niliamini mpaka mwaka wangu wa pili UNILU, niliposoma André Yav. Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya Élisabethville kuitwa Lubumbashi, Yav aliandika historia ya mji wetu kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani. Watu wa kupika, kufagia, kupiga pasi kwa wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili hikihiki tunachokisema uani, bila kuomba radhi. Mwanaantropolojia Johannes Fabian aliitoa kwa kitabu mwaka 1990, na leo inasomwa kwenye vyuo vikuu vya mbali. Sisi tulio na diploma tunaona haya kuandika hata salamu ya Bonane kwa lugha ile.

Wa pili ni furaha ya kambi. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wa kambi na cité walicheza Mbeni, ngoma iliyoanza kwenye pwani ya Kenya, ikasafiri na askari na wafanyakazi mpaka huku. Ilikuwa na safu kama za jeshi, mavazi ya kupendeza, vyeo vya wafalme na magavana. Wakubwa wa serikali waliiangalia kwa wasiwasi, wakijiuliza kama ni mchezo ao ni siasa. Nyuma ya ngoma kulikuwa chama: ukiugua wenzako wanakuja, ukifa wanakuzika.

Halafu mpira. Mwaka 1939 mapadri Wabenedikto walianzisha Saint-Georges, ndiyo TP Mazembe ya leo. Mwaka huohuo ikazaliwa Saint-Éloi, timu ya watu wa reli, ndiyo Lupopo. Wakubwa walitaka vijana washughulike na jambo la heshima siku ya Mungu. Walichopata ni mji uliogawanyika nyumba kwa nyumba mpaka leo. Kwetu kambo mwanaume ni wa Mazembe na kambo mwanamuke ni wa Lupopo. Siku timu hizo zinakutana, chakula kinaiva mapema na hakuna anayemsalimia mwenzake.

Wa tatu ni kilio. Mtu akifa kambini, viti vinatoka kwenye nyumba zote bila kuombwa. Moto unawashwa nje, wanaume wanalala kwenye baridi ya mwezi wa saba, wanawake wanajaza ndani. Daftari linapita, kila mtu anaandikisha alichonacho. Hakuna anayeuliza marehemu alikuwa kabila gani kabla ya kutoa mchango. Ndani ya kambi damu ilipimwa kwa kilio: ndugu yako ni yule uliyelala naye nje siku ile.

Wa nne ndio ule ambao swali la kambo mwanamuke lilikuwa linaulenga. Kwenye karatasi za kampuni, mke alikuwa kichwa cha kuongezea poso. Kwenye foyer social alifundishwa kushona, kuosha mtoto, kupanga nyumba vizuri ili mume arudi kazini na nguvu. Haikuandikwa mahali popote kwamba alilima mboga nyuma ya nyumba na mahindi nje ya kambi, aliuza munkoyo, aliuza makala, alitunza pesa za likilimba za wanawake kumi katika kitambaa. Kwa miaka mingi biashara hiyo ilionekana kama mchezo wa kununulia chumvi. Wanaume wengine waliikataza kabisa, eti inamtia haya mtu wa Gécamines.

Mnajua yaliyofuata. Union Minière ilitaifishwa, tangu 1967 ikawa mali ya nchi, na baada ya majina mawili matatu ikawa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1993 Gécamines haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ilianza kukawia mwezi mmoja, mitatu, mwaka. Poso ilikatika. Na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kambo mwanaume alikuwa mmoja wao. Hiari gani, mtu hajalipwa miezi na miezi? Alipokea zile pesa mara moja, akalipa madeni, zikaisha.

Profesa wetu Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU, aliyewasikiliza wafanyakazi hawa kwa miaka mingi, kitabu chake cha 2001 alikipa jina linalosema kwamba Bana Shaba wameachwa na baba yao. Ndivyo ilivyokuwa. Baba aliondoka. Lakini nyumba haikubaki tupu.

Kambo mwanamuke aliamka saa kumi ya usiku. Alinunua unga wa mahindi uliopita Kasumbalesa kutoka Zambia, akauuza kwa meka mbele ya nyumba ya kampuni. Ile nyumba iliyojengwa ili mwanamke asitoke ikawa duka. Wake wa majirani nao hivyohivyo: mikate, samaki, makala, mafuta kwa chupa ndogo. Likilimba ya wanawake kumi ikawa benki. Kambo mwanaume alikaa kwenye kiti chake barazani, amevaa ile koti ya kazi, anaangalia. Baba yangu anasema miaka ile mzee alikuwa hasemi mezani. Ule ukimya wa kwenye simu yangu ulikuwa na umri mkubwa kuliko mimi.

Sitaki mfikiri kwamba kambi ilishinda kila jambo. Katika 1992 na 1993, wakati shaba ilikuwa inaanguka, wanasiasa walitafuta mtu wa kulaumu, na watu wenye asili ya Kasaï walifukuzwa kwa maelfu, hasa Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa wajukuu wa wale walioandikishwa na kampuni, hawakuwahi kuona Kasaï. Dada mdogo wa kambo mwanamuke alikuwa ameolewa Likasi na mwanaume wa namna hiyo. Walilala kwenye stesheni, pamoja na umati, wakingoja treni. Lugha ileile ya bomba la maji ndiyo ilitumika kuwaambia: rudini kwenu. Kambo anasema majirani wawili walileta bukari stesheni usiku, kwa kujificha. Wawili, katika mstari mzima wa nyumba. Undugu tuliojitengenezea wenyewe unaweza pia kuvunjwa na sisi wenyewe, na aliyetaka kuulinda siku ile alikuwa peke yake.

Juu ya nini nawaandikia haya ninyi, wenye diploma? Juu kila asubuhi tuko kwenye milango ya kampuni za migodi na bahasha mkononi. Tunangojea. Ukimuuliza mmoja wetu anafanya nini maishani, anajibu "nangojea kazi", hata kama tangu miaka mitatu anafundisha watoto wa jirani, anatengeneza simu, anamsaidia mama yake sokoni. Vitu hivyo hatuvihesabu. Tumerithi maneno ya kambo mwanaume bila poso yake.

Nami nina kosa langu. Kwenye ukurasa wa shukrani wa TFC niliandika mistari minne juu ya baba yangu na kambo mwanaume, "kwa kujitoa kwao". Kambo mwanamuke nilimweka mwishoni, pamoja na marafiki. Minervali yangu ya mwaka wa kwanza na wa pili ilitoka kwenye meka yake ya unga. Nilijua wakati naandika. Nilifuata mtindo tu.

Sisemi kila msomi aende kuuza unga. Nchi yenye shaba na kobalti namna hii ina deni kwa watoto wake, na kazi ya mshahara na haki ni jambo la kudai. Nilipomsomea kambo mwanamuke andiko hili, alinikatiza mahali pale pa duka: "Bwana yangu, usinisifie bure. Miye niliuzaka unga juu kazi ilikosekana. Haikuwa raha." Nimeandika alivyosema.

Kwa hiyo neno langu ni dogo. Tukiandika historia ya mitaa yetu, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, kambi za Likasi na Kolwezi, tusiishie barazani kwa muzee. Karatasi za kampuni zinahifadhiwa na zitaendelea kusomwa. Yaliyofanyika uani hayana karatasi, na wenye kuyajua wanapungua kila baridi.

Jumapili iliyopita nilirudi nyumbani, nikaweka simu safari hii karibu na kinu. Kambo aliiangalia, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Unataka niseme Kifaransa?"

"Hapana, kambo. Sema vile unasemaka."

Alisema mpaka giza likaingia na betri ikaisha. Alianza na bomba la maji, na majina ya wanawake wote waliokuwa kwenye foleni.